Studio ya Kujipikia Singida Mjini Ipimwe Jikoni

Ukipelekwa kuangalia studio katikati ya mji wa Singida, mwenyeji ataanza kukuonyesha kitanda na runinga. Mshukuru, kisha nenda kwenye sinki. Fungua koki hadi mwisho, halafu fungua na ya bafuni. Tenki likiwa limeinuliwa vya kutosha, maji hayapungui nguvu. Tazama pia ndani ya birika: ukoko mweupe kwenye kitako chake ni alama ya maji magumu. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika maji ya visima, na kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo uliza maji yanatoka wapi na kama yamepimwa.

Sasa jiko, na hapa usiwe na haraka. Kipimo changu ni kuku wa kienyeji, maana kuja Singida ukaondoka bila kumpika kuku wake mwenyewe ni hasara kubwa. Jogoo aliyekomaa anaweza kutaka saa nzima na zaidi motoni, tena moto mdogo. Washa jiko: mwali uwe wa buluu, umetulia. Ukiwa wa njano utatia masizi sufuria. Upunguze mpaka chini kabisa uone kama utabaki au utazimika. Majiko mengi ya bei rahisi hushindwa hapo. Paka povu la sabuni penye maungio ya mpira wa gesi, likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Usikubali chumba hicho.

Dirisha nalo litazamwe pamoja na jiko. Upepo wa Singida ni mkali, na jiko lililowekwa chini tu ya dirisha litazimika kila ukifungua. Ukilifunga dirisha, harufu ya vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya alizeti italala nawe kitandani. Dirisha zuri liko pembeni ya jiko, au juu kabisa, karibu na dari.

Sufuria iwe na kitako kizito na mfuniko wake halisi, si sahani. Kisha omba kisu, ukate kitunguu kimoja. Kisu kikali kwangu kina uzito zaidi kuliko pazia jipya, kwa sababu kinaonyesha kwamba aliyepanga chumba hiki anapika.

Mita ya umeme ya LUKU iwe ya chumba chako peke yako. Kabla ya kulipa, mkubaliane nani anajaza mtungi gesi ikiisha, na kama unakaa wiki nzima, omba bei ya wiki.