'Kupooza' Limetwishwa Mzigo Usio Wake

Katika mwambao wa Tanga, mzee atetemekaye mikono na kuburura miguu mara nyingi husemwa kuwa amepooza. Neno hili halimstahili. Embe lililopooza limekauka kabla ya kuiva, wala haliivi tena; basi mgonjwa aitwaye hivyo hulazwa kitandani, akahurumiwa tu. Lakini mwenye ugonjwa wa Parkinson hajapooza: misuli yake ingali na nguvu, ila hukakamaa na kuchelewa kutii. Kosa hili si letu peke yetu. James Parkinson mwenyewe, mwaka 1817, aliuita kupooza kwa kutetemeka. Charcot, katika karne iyo hiyo, akalikataa jina hilo kwa kuwa wagonjwa hawakuwa dhaifu. Huku kwetu, uchunguzi wa nyumba hadi nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, 2005–2006, ulikuta wengi wasiopata kutambuliwa.

Na tiba yake tuiiteje? 'Tiba ya viungo' haitoshi. Viungo ni mdalasini na iliki pia, na hata amwelewaye mganga vyema hungoja kukandwa na kuchuliwa. Mazoezi hayaondoi maradhi haya, ila husaidia kulinda mwendo na usawa wa mwili. Kwa hiyo twapendekeza 'tiba ya mazoezi', maana humtaka mgonjwa mwenyewe ainuke, apige hatua ndefu, ageuke bila kuanguka.