Nyumba ya uani huanza kwenye kikao

Mitaa mingi ya Dar es Salaam ina maboma ya uani yaliyofika renta kisha kazi ikasimama. Lawama hutupiwa uhaba wa fedha. Ndugu wanne wa Tabata, waliotaka kumleta mama yao kutoka Muheza, hawakuwa na fedha nyingi, lakini nyumba yao imeezekwa na mama amehamia. Ukiichambua kazi yao, utaona mambo mazito yaliamuliwa kabla fundi hajachimba msingi.

La kwanza lilikuwa umiliki. Kiwanja ni cha kaka mkubwa, na hati ina jina lake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalihesabu jengo lililoshikamana na ardhi kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Maana yake, saruji ya dada na bati za mdogo wao, zikishajengewa, zimeingia kwenye mali ya kaka. Kikao cha ndugu hao kikaandika kipi ni mchango wa kumtunza mama, usiodaiwa, na kipi ni mkopo wa kurudishwa kiwanja kikiuzwa. Shemeji, mke wa kaka, naye akasaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Isitoshe, uani ndiko anakoanika na kupikia.

La pili lilikuwa maji taka. Mchoro wa kwanza uliziba upenyo wa pembeni mwa nyumba kubwa. Fundi bomba akauliza: gari la kunyonya likija, mpira utapita wapi? Gari husimama barabarani, na shimo liko nyuma. Nyumba ikasogezwa na baraza likafutwa. Ndipo ramani ikapelekwa halmashauri kuombewa kibali, kwani jengo la uani nalo huhitaji kibali na nafasi ya kuachia mpaka wa jirani.

La tatu lilikuwa mkaaji mwenyewe. Mama alipoulizwa alijibu, "Wanangu, vigae vya kung'aa sivitaki. Nipeni choo nisichokichuchumalia." Jibu hilo likaongoza vipimo: choo cha kukaa chenye kishikio ukutani, mlango wa sentimita 90, milango ya ndani bila kizingiti. Sakafu iliinuliwa sentimita 30 kukwepa maji ya mvua. Kwa mteremko salama wa moja kwa kumi na mbili, kimo hicho kinadai njia ya mita 3.6. Uani haukuwa na urefu huo kwa mstari mmoja, hivyo njia ikakunjwa kwenye kona, ikaachiwa sehemu bapa ya kupumzikia.

Hapo ndipo hesabu ikaanza. Nyumba ya mita 7 kwa 6, pamoja na kuta za ndani, ina mita 38 za ukuta. Zidisha kwa kimo cha mita 2.7, toa milango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 90. Tofali la sentimita 45 kwa 23 huingia takriban 9 kwa kila mita ya mraba. Ukiweka za kuvunjika, shika 10. Ni tofali 900, msingi ukiwa kando.

Familia nyingi hugawana hatua: huyu msingi, yule kuta, mwingine kupaua. Huonekana ni haki, lakini aliyepewa paa akikwama, kuta za wenzake zinanyeshewa. Hawa waliweka fedha zote kwenye akaunti moja yenye saini mbili, wakajiwekea sharti: hakuna tofali litakalopanda juu ya jamvi kabla fedha za mbao na bati hazijatimia. Jamvi lilikaa wazi muda mrefu, majirani wakasema. Ila jamvi huvumilia kungoja kuliko ukuta usio na paa.

Hata umeme ulipigiwa hesabu. Bei nafuu ya TANESCO ni ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Nyumba mbili kwenye LUKU moja huvuka kiwango hicho upesi. Mama akaombewa mita yake.

Kasoro moja imebaki. Karatasi ya kikao inaeleza kiwanja kikiuzwa itakuwaje, lakini haisemi lolote kaka akitangulia. Hiyo ni kazi ya wosia, na wosia unaandikwa na kaka mwenyewe, mbele ya mashahidi, wakati ndugu bado wanaelewana.