Mcheza Kwao na Mgeni Wake: Uhakiki wa Ngoma Shirikishi Masii

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa kila panapozungumzwa sanaa za jadi, lakini ni nadra mhakiki kuuliza swali linaloifuata: je, mgeni aliyesimama kando ya uwanja ana fungu gani? Swali hilo ndilo tunalokusudia kulijadili hapa, tukichukua mfano wa Masii, mji wa soko ulio katika eneo la Mwala, kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Siku hizi ngoma ya jamii hupendekezwa kuwa njia ya kuwakutanisha watu wa makabila, dini na marika mbalimbali. Pendekezo hilo ni jema. Hata hivyo, halitatimia isipokuwa umbo la ngoma yenyewe lichunguzwe kwanza.

Tuanze na lugha. Kikamba hutumia neno wathi kwa wimbo na kwa ngoma pia: wathi huimbwa, na wathi huohuo huchezwa. Kiswahili nacho kimekusanya chombo, mchezo na mkutano wa watu katika neno moja, ngoma. Kwa fikira za wenye lugha hizi, basi, anayeitikia kwa sauti amekwisha kuingia ngomani kabla hajainua mguu. Hapo ndipo ulipo mlango wa mgeni. Mwalimu aliyehamishiwa Masii kutoka Nyanza au pwani huenda asiyaelewe maneno ya mwimbishaji, ambayo hubadilika na kufumbwa. Lakini kiitikio ni kifupi na hurudiwarudiwa. Baada ya kukisikia mara chache, atakuwa amekishika. Akisha kukishika, anayo haki ya kuuliza maana yake, na jirani yake anao wajibu wa kumweleza.

Mlango huu huzibwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni jukwaa. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, zimefanya kazi kubwa ya kuzihifadhi ngoma, na si haki kuzibeza. Lakini katika mashindano ngoma hupewa dakika zake, hukabiliana na waamuzi, kisha hutolewa alama. Na mbele ya watalii huchaguliwa kile kinachoyafurahisha macho. Kwa hiyo Mkamba amejulikana nchini kwa miruko na sarakasi zake, kana kwamba hana ngoma nyingine. Sarakasi ni fahari ya vijana wachache wenye viungo vyepesi. Bibi kizee, mtoto na mtu mwenye ulemavu hubaki watazamaji. Mtaalamu wa muziki Thomas Turino, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ametofautisha sanaa ya kuonyeshwa na sanaa ya kushiriki: katika hii ya pili hapana msanii na mtazamaji, na ubora wake hupimwa kwa wingi wa walioingia. Tukiazima kipimo hicho, ngoma inayopata alama za juu jukwaani yaweza kuanguka kabisa uwanjani.

Namna ya pili ni ile ya kuitukuza jadi kupita kiasi. Wapo wanaodhani kwamba duara la zamani lilimkaribisha kila mtu. Sivyo. Ngoma zilikuwa na marika yake, jinsia zake na nyakati zake. Kilumi, mathalani, ni ngoma ya akina mama hasa, nayo ilihusiana na kuomba mvua, kuponya wagonjwa na kuwaridhisha pepo. Wamishonari wa African Inland Mission, waliofika Ukambani mwaka 1895, waliwakataza waumini wao ngoma za namna hii, na mvutano huo haujesha. Kumwita kila mtu katika kilumi kwa jina la ujumuishi ni kumkosea mwenye ibada yake, na ni kumkosea Mkristo anayeogopa kuivunja imani yake. Ujumuishi hautaki kila mlango ufunguliwe. Unataka mwenye mlango aulizwe.

Mfano wa kufaa tunaupata Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji walijenga ukumbi wao wa wazi na kufanya mazoezi ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda mbele ya kila aliyetaka kutazama. Waliotazama walisahihisha lugha, wazee wakafundisha nyimbo na ngoma, na mtazamaji wa leo akawa mchezaji wa kesho. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Twajifunza kwamba ushiriki wa kweli una uzito, kwani hapana aliyewahi kubomoa jukwaa la sarakasi za watalii.

Masii haina haja ya kuazima umbo hilo mbali. Ukambani kuna mwethya, kikundi cha majirani wasaidianao kazi, ambao wamechimba matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nyimbo za kazi hazimwulizi mtu kabila wala kanisa. Humwuliza kama ana mkono. Ngoma shirikishi ikianzia hapo, kwa nyimbo zenye viitikio vifupi, kwa miondoko ambayo hata aliyeketi aweza kuifanya kwa mabega na makofi, na kwa zamu ambapo mgeni naye huleta wimbo wa kwao, mabadilishano yatakuwa ya pande mbili. Jirani tu, huko Wamunyu, ufundi wa kuchonga vinyago uliletwa na Mutisya wa Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Leo nani atasema kuwa uchongaji si wa Wakamba?

Tunawaomba basi wanaotayarisha ngoma za namna hii wajiulize mambo matatu: nani anakijua kiitikio, nani ana nafasi katika duara, na nani anatoa hukumu. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mcheza kwao ametunzwa pamoja na mgeni wake.