Kikao Kisicho na Kiingilio

Alcoholics Anonymous, jumuiya ya waraibu wa pombe wanaokutana vikaoni kusaidiana kuacha kunywa, ilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, na Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, pamoja na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa waraibu wa pombe.

Sifa kubwa ya jumuiya hii ni wepesi wa kuingia. Hakuna ada, sharti ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Kikapu hupitishwa kwa wanachama, lakini michango ya watu wa nje hukataliwa, msimamo adimu kwa taasisi yoyote na wa kupongezwa. Anayetafuta kikao atakuta aina mbili: cha wazi, ambacho hata jamaa huruhusiwa, na cha faragha, kwa wenye tatizo pekee. Mgeni hutaja jina la kwanza tu. Akitaka kunyamaza, hunyamaza. Vikao vingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, ingawa jumuiya haina dhehebu.

Kikao si hospitali, hata hivyo. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu amwone daktari kwanza, kwani kuacha ghafla huweza kuleta degedege, hata kifo.