Fani ya Mtungi Kwenye Keria

Mhakiki wa fasihi hufundishwa kuichambua fani kabla ya kukimbilia maudhui. Naitumia kanuni hiyo kwa mtungi wa gesi uliofungwa kwenye keria ya bodaboda, kazi ya kawaida kabisa Nyakanazi, Biharamulo mjini na kwenye vilima vya Ngara kuelekea Kabanga na Rusumo. Maudhui ni mepesi: mtungi usianguke. Wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, hukaribia kilo 30; ni mviringo, unateleza, na njia ina matuta.

Mpira wa kufungia hukatwa kutoka tyubu kuukuu. Dereva huunasa kwenye bomba la keria, akauvuta hadi ukakonda, akauzungushia mtungi na kurudi bombani upande wa pili. Raundi ya kwanza hupita karibu na kitako, nyingine juu chini ya shingo, kisha mpira hupishana kama herufi X ili mtungi usijizungushe. Halafu inakuja hatua ninayoipenda: ncha haipigwi fundo. Huchomekwa chini ya raundi iliyotangulia, ikabanwa na mkazo uleule unaobana mtungi. Wa kufungua huichomoa tu, na kazi nzima ikalegea.

Wapiga mbizi wa Mafia na Pemba wana ufungaji wa ukoo huohuo. Mtungi wao wa hewa hushikwa kwenye bamba la mgongoni kwa mikanda ya nailoni, mara nyingi miwili, juu na chini. Mkanda hupita kwenye matundu ya bamba, ukaingia kwenye kibano na kujirudia wenyewe. Wenzo wa kibano ukilazwa, unaukaza mkanda na kuubana mkia wake. Hapo pia huoni fundo.

Mpira na mkanda huu vinaachana kwenye akiba ya nguvu. Nailoni ikilowa hurefuka kidogo, ndiyo maana mzamiaji makini huulowesha mkanda kwanza ndipo akaukaza. Asipofanya hivyo, mtungi unaweza kumchoropoka akiwa majini. Wenzo ukishalala hauongezi kitu. Mpira, kinyume chake, bado unavuta: mtungi ukijipanga upya baada ya tuta la kwanza, mpira wenyewe hujikunja na kuimeza nafasi iliyobaki. Kwa barabara zetu naupa mpira ushindi, ili mradi si ule uliopigwa jua hadi ukaanza nyufa. (Huo ni wa kutupa, hata kama bado unavutika.)

Kinachoniudhi ni mkao. Wapo wanaoulaza mtungi ubavu kwa kuwa ukilala haupepesuki. Kumbe ukilala, gesi iliyo kimiminika huifikia vali ya usalama, ambayo imewekwa juu ili itoe mvuke. Kimiminika kikivuja, hugeuka gesi yenye ujazo zaidi ya mara 200. Kuusimamisha kunadai raundi mbili zaidi za mpira, na wengi hawazipigi.