Sanamu ya Askari na Suala la Wapagazi

Katika mihadhara mingi tunayowapa makada kuhusu historia ya ukoloni katika nchi yetu, kipindi cha kati ya mwaka 1916 na 1920 hurukwa. Mjerumani anaondoka, Mwingereza anaingia, na mwalimu anageuza ukurasa hadi kwa Gavana Cameron na utawala wake wa kupitia machifu. Kuruka huku ni kosa la kisiasa. Katika miaka hiyo nchi hii haikuwa tena mikononi mwa Mjerumani, wala haikuwa bado nchi ya udhamini chini ya Mwingereza. Ilikuwa nchi iliyotekwa, ikitawaliwa chini ya kivuli cha jeshi, na ndani ya hali hiyo uhusiano kati ya dola ya kikoloni na mvuja jasho wa Kiafrika ulionekana wazi kuliko wakati mwingine wowote.

Kazi ninayotaka kuihakiki hapa siyo kitabu. Ni sanamu ya Askari iliyo katikati ya Dar es Salaam, katika makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba, ambayo Waingereza waliizindua mwaka 1927. Huenda ndugu wengine wakaona ajabu kuhakiki sanamu katika kurasa za itikadi. Lakini sanamu ina mtunzi, ina tabaka lililoigharimia, ina maandishi, na ina wasomaji wengi kuliko kitabu chochote cha historia tulicho nacho, maana husomwa na kila apitaye pale. Kwa hiyo ihukumiwe kama tunavyohukumu kazi nyingine yoyote inayobeba fikra za tabaka fulani.

Mchongaji wake ni Mwingereza James Alexander Stevenson. Juu ya jiwe amesimama askari mmoja wa Kiafrika wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekezwa upande wa bandarini. Kwa ufundi ni kazi nzuri na sioni haja ya kulikana hilo: mwili una nguvu, hatua ina uhai. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyetumia kalamu yake kuisifu himaya. Maandishi hayo yanataja mambo matatu. Kwanza yanawakumbuka askari wenyeji. Pili yanawakumbuka wapagazi, ambao wanaelezwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Tatu yanamwahidi msomaji kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Tuanze na neno nchi yake. Tanga ilitekwa Julai 1916, Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba hiyo hiyo. Horace Byatt akawekwa kuwa msimamizi wa sehemu iliyotekwa na Waingereza, makao yake yakiwa kwanza Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, huku kusini vita vikiendelea. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1907, ambao mabeberu wenyewe waliutia saini, ulimruhusu mteka nchi kudai vyakula na huduma kwa ajili ya jeshi lake, lakini ulimkataza kuwaingiza wenyeji katika vita dhidi ya nchi yao wenyewe. Sasa, wakazi wa nchi iliyotekwa walikamatwa kwa maelfu na kubebeshwa risasi na unga wa jeshi la Mwingereza hadi Rufiji, Lindi na kuvuka Ruvuma. Swali la kwamba watu hawa wana nchi halikuulizwa. Kwa hesabu za wakati ule walikuwa nguvukazi iliyopatikana pamoja na reli na majengo. Miaka 10 baadaye, vita vilipokwisha na mfu hawezi kudai kitu, ndipo shaba ikampa nchi ya kufia.

Hata kwa askari mwenyewe neno hilo halisimami. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles kwa kuwaandikisha askari waliokuwa wa Mjerumani na kutekwa. Mtu yule yule aliyepiga risasi upande huu mwaka 1916 alipiga upande ule mwaka uliofuata, kwa mshahara. Simlaumu. Nasema tu kwamba alikuwa mtu wa ajira ya kijeshi, na kumvika uzalendo wa kifalme ni kuficha uhusiano wa kiuchumi uliomfikisha hapo. Kikosi hicho hicho kilibaki baada ya vita kuwa jeshi la kulinda ukoloni Tanganyika, na mwaka 1961 kikageuzwa jina kuwa Tanganyika Rifles. Aliyewahi kufundisha juu ya maasi ya Januari 1964 anajua urithi huo ulitufikisha wapi, hata ikalazimu jeshi lile livunjwe na Jeshi la Wananchi kujengwa upya mwaka huo huo.

Kuhusu wapagazi, jambo hili linahitaji nafasi zaidi. Katika kampeni ya Afrika Mashariki upande wa Waingereza peke yao walitumia watu wapatao milioni moja kubeba mizigo, wakitoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo, Msumbiji na sehemu zilizotekwa za nchi hii. Sababu ilikuwa ya kimsingi kabisa: mbung'o waliua farasi na nyumbu, mvua zilizamisha magari, na kichwa cha Mwafrika kikabaki kuwa chombo cha usafiri cha bei ndogo kuliko vyote. Katika Kenya mshahara wa mpagazi ulipangwa mwaka 1915 kuwa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha rupia 6. Waliokufa walikufa zaidi kwa kuhara, vichomi, malaria na chakula wasichokizoea, kisichopikwa kikaiva, kuliko kwa risasi. Makadirio ya wanahistoria yanapita watu 100,000. Kundi lenye vifo vingi kuliko jeshi zima la mapigano ndilo linaloitwa viungo vya mwili wa jeshi. Miguu na mikono haina jina, haina mke, haidai mshahara.

Nyuma ya safu za vita hali haikuwa nafuu. Chukueni Ugogo. Wajerumani wakirudi nyuma walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Waingereza walipofika wakachukua tena kile kilichosalia, wanaume wakiwemo. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala wa kulima. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000. Hawa hawamo katika maandishi ya sanamu hata kama viungo.

Hapa napenda kutofautiana na baadhi ya walimu wenzangu. Imekuwa desturi kufundisha kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu, Mwafrika akawa nyasi chini ya tembo wawili. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi makada. Afisa wa kijeshi hakuwajua watu wa vijijini kwa majina wala kwa sura. Yeye alitaja idadi. Waliotaja watu ni majumbe na maakida, na Byatt aliurithi mfumo wa maakida kutoka kwa Mjerumani, akauendesha hadi Cameron alipouondoa kuanzia 1925. Mwanafunzi mmoja katika darasa langu aliwahi kuniuliza kama jumbe aliyemtoa mwana wa jirani yake badala ya mwanawe alikuwa beberu au mnyonge. Darasa lilicheka, lakini swali lile ni zito kuliko maswali mengi yaliyomo katika vitabu vyetu vya kufundishia. Dola ya mteka nchi haikuwa na watumishi wa kutosha. Ilitawala kwa sababu ndani ya jamii yetu palikuwa na watu walionunua usalama wa ukoo wao kwa miili ya wengine. Mwalimu anayefuta jambo hili ili Waafrika wote waonekane sawa katika mateso, amefundisha taifa bila matabaka.

Tuje kwenye kuvunjwa kwa majeshi. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100 na maelfu ya wapagazi na wafuasi wengine. Yeye na maafisa wake walirudi Ujerumani mwaka 1919 na kupokewa Berlin kama mashujaa. Upande wa Waingereza, walowezi wanajeshi walipewa Kenya: mashamba zaidi ya 1,000 yalitengwa kuanzia 1919 kwa ajili ya Wazungu waliotoka vitani, mengine yakikatwa katika ardhi ya Wanandi. Katika mwaka huo huo wa 1919 Mwafrika wa Kenya, ambaye huenda alikuwa ametoka kubeba mizigo miezi michache kabla, alianza kuvishwa kipande. Vita vimoja, jeshi moja, na malipo ya aina mbili. Huko ndiko kuvunja jeshi kwa misingi ya rangi na tabaka, wala hakuhitaji maelezo marefu.

Mpagazi alirudi nyumbani, kama alirudi, akikutana na homa kuu ya mafua ya 1918 na 1919 njiani. Mishahara ya waliokufa bila warithi kujulikana ilibaki serikalini. Oscar Watkins, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya kazi za kijeshi, alitaka fedha hizo zitumike kwa manufaa ya makabila yaliyotoa watu. Wizara ya Vita ya London ilikataa, na mabishano yakavutwa miaka mingi. Kumbukeni kwamba shaba ya sanamu ilimiminwa London ndani ya miaka hiyo hiyo ya mabishano. Fedha ya kuwasifu ilipatikana.

Wajerumani nao wana hadithi yao. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Waandishi wa Ulaya hupenda kusimulia jinsi wazee wasiokuwa na cheti walivyopewa fimbo ya ufagio Mwanza na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, na wote wakafaulu. Ikiwa ni kweli au ni ngano, utamu wake kwa msomaji wa Ulaya uko katika utii wa mzee wa Kiafrika kwa amri ya miaka 50 nyuma. Wapagazi wa Mjerumani hawamo hata katika ngano hiyo, kwa kuwa wao hawakufundishwa gwaride.

Lakini wananchi hawakukaa kungoja sanamu. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani kabla ya vita, ilisambazwa na askari, wapagazi na mateka waliorudi makwao, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ilikuwa na vyeo, nidhamu, michango na makatibu. Marini walikuwa zaidi watu wa mjini wenye elimu na nafasi. Arinoti walikuwa watu wa bara na vibarua. Watawala waliitazama kwa wasiwasi, na si bure: hapo palikuwa na watu waliojifunza jeshini jinsi ya kujipanga, sasa wakijipanga wenyewe. Uhakiki wetu wa sanaa umeliita jambo hili uigaji wa Wazungu na kulipita. Mimi naona ni taarifa ya kuvunjwa kwa jeshi iliyoandikwa na walioachishwa wenyewe.

Wapo vijana wanaotaka sanamu ing'olewe. Waingereza nao waling'oa ile ya Hermann von Wissmann, aliyezima mapambano ya Abushiri, walipouteka mji. Ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Siungi mkono kung'oa. Sanamu ya Askari ikiondoka, deni litaondoka nayo machoni pa watu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Yaani ahadi ya jina, iliyochongwa mwaka 1927, ilikuwa haijatimizwa kwa muda wa miaka 94 na wale wale walioitoa.

Kazi iliyo mbele ya vyuo vyetu ni ya kawaida na inawezekana. Kila wilaya ikusanye kutoka kwa wazee na kumbukumbu za misheni majina ya waliochukuliwa, kijiji kwa kijiji, pamoja na jina la jumbe aliyewatoa. Orodha hizo ziwekwe Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale, na ambapo mfanyabiashara wa leo anaweza kuzisoma bila kuinua kichwa kumtazama askari.