Weupe, Weusi na Kina: Kuhusu Picha za Mlima Kenya kutoka Meru na Embu

Mhakiki wetu anapoitazama picha ya mandhari, aghalabu husema ina "rangi nzuri", kisha hunyamaza. Sifa hiyo haitoshi. Picha za Mlima Kenya zinazouzwa kwa watalii hazina uhaba wa rangi. Zina uhaba wa kina. Shamba la chai hupakwa kijani kikali, msitu kijani kile kile, na vilele buluu isiyo na kiasi. Matokeo yake mlima wa mita 5,199 huonekana umebandikwa juu ya majani kama stempu.

Kosa haliko katika rangi, bali katika kadiri ya nuru. Leonardo da Vinci alikwisha kueleza kwamba hewa iliyopo baina ya jicho na kitu hukifanya kitu cha mbali kififie na kuelekea buluu. Kanuni hiyo humfaa anayechora akiwa katika nyika ya Mbeere, penye vumbi na utusitusi wa joto. Lakini haiwezi kuhamishiwa Chuka au Runyenjes kama ilivyo, alfajiri baada ya mvua, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Hapo vilele huonekana wazi kuliko mgomba ulio kivulini mbele yetu. Basi mchoraji hana budi kutafuta kina kwa njia nyingine: sehemu ya mbele iwe na weusi mzito, ya katikati ipunguziwe weusi huo hatua kwa hatua, na weupe kamili uhifadhiwe kwa ajili ya barafu peke yake. Jicho litakwenda huko bila kuamrishwa. (Barafu yenyewe imepungua mno, wachoraji wengi wangali wanachora ile ya babu zao.)

Wameru huuita mlima huo Kirimara, jina linalofasiriwa kuwa mlima wenye weupe. Hawakuutaja kwa buluu.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kujadili jambo hili, kwa kuwa vivumishi vyake vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye utajiri. Kijani na kijivu vimetokana na majani na majivu, samawati imetokana na mbingu za Waarabu. Lakini tusemapo maji meupe, kumekuwa kweupe, jeupe pe, jeusi tii, tunapima nuru yenyewe. Elimo Njau alipochora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, akiiweka Injili katika mandhari ya huko, hakuna aliyemhakiki kwa maneno hayo mawili ipasavyo. Kazi hiyo ingali inamngoja mwanafunzi.